Bado Ni ya Aina Gani

Kabla ya kuingia kwenye chumba cha kompyuta ulivua viatu ukaviacha mlangoni. Mgeni angedhani kuna sala ndani. Lakini ilikuwa kwa sababu ya vumbi tu, vumbi letu la Dodoma ambalo halingoji kukaribishwa, na mwalimu alikuwa ameshapoteza mashine moja kwa ajili yake. Ndani, kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama vile vitambaa ambavyo mama zetu walitandika kwenye viti vya sebuleni. Ulikunja kitambaa chako, ukakiweka magotini, ukawasha mashine, ukangoja. Ilichukua muda kuamka. Mpaka leo nikiona kitambaa cha aina ile kwenye kiti cha mtu, vidole vyangu hutaka kuandika.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei. Mchana nilipiga chapa barua katika ofisi moja mjini, na nikitoka kazini nilipita pale kusoma. Wenzangu darasani walikuja kwa sababu intaneti ilikuwa jambo jipya na kila mtu alisema ndiko kazi zinakokwenda. Mimi nilikuwa na sababu moja tu. Nilitaka kaka yangu ajue tulipo.

Nieleze kwanza alivyotupotea, maana hakuondoka kwa ugomvi wala kwa aibu. Baba alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma, na tulikaa kwenye nyumba ya shirika, karibu na reli. Kaka, ambaye ndiye mkubwa wetu, alimaliza shule, akakosa kazi, akaaga vizuri, akaenda kusini, mbali, nje ya nchi, alikosikia kuna ujenzi. Aliandika mara mbili. Barua zote mbili zilipitia sanduku la posta la shirika, na baba alizileta nyumbani kwenye mfuko wa shati, zimelowa jasho.

Kisha shirika likauzwa. Miaka ile yalikuwa yanauzwa mengi, na watu walizungumzia habari hizo kama wanavyozungumzia mvua, kwamba imefika Morogoro, kwamba imefika Singida. Ilipofika kwetu tulijua kwamba kazi ya baba imekwisha na nyumba lazima tuiache. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni lile sanduku la posta. Baba alipokwenda kuuliza, akaambiwa kwa upole kwamba sanduku lina mwenyewe mpya, na barua zikija atapewa huyo mwenyewe. Baba akamtafuta huyo mwenyewe. Akaambiwa yuko Dar es Salaam.

Kwa hiyo kaka yangu, popote alipokuwa, alikuwa na anwani mbili za nyumbani, ya nyumba na ya sanduku, na sisi hatukuwepo kwenye yoyote kati ya hizo.

Baba alirudi Hombolo kwenye shamba la ukoo, akaanza kupanda zabibu. Mama alibaki nami mjini, kwenye vyumba viwili vya kupanga kule mtaa wa Kikuyu. Alisema ni kwa ajili ya kunipikia, lakini nilijua sababu. Hombolo ni mbali na reli. Alitaka kuwa karibu na mahali ambapo mtu aliyetoka safari angeshukia.

Majirani walipojua habari zetu wakawa wanamuuliza, kwa nia njema, kijana wako kesharudi? Mama alijibu neno moja. "Bado." Hakuwahi kusema hapana. Hata aliyeuliza kwa mkazo, kwamba mama fulani, si basi tena huyo, miaka yote hii, alijibiwa vilevile, bila hasira, kama mtu anayeulizwa kama wali umeiva.

Na kuna jambo jingine kuhusu kaka ambalo lazima niliseme mapema. Alikuwa hapigi hodi. Tangu akiwa mdogo. Watu wote wa kwetu hupiga hodi hata kwenye nyumba yao wenyewe, lakini yeye alikuwa akifika mlangoni anasimama tu, kimya, mpaka mtu ahisi yupo. Baba alimgombeza, akamwambia mwizi ndiye anayesimama hivyo. Haikusaidia. Mama yeye hakugomba. Alikuwa akichambua mchele au akishona, ghafla anainua kichwa na kusema "Karibu" kwa mlango uliofungwa, na kaka anaingia. Sijui alikuwa anasikia nini. Mimi nilikuwa nikikaa karibu naye na sikusikia kitu.

Siku ya kwanza nilimuuliza mwalimu kama ukurasa utakaotengenezwa Dodoma unaweza kusomwa na mtu aliye nchi nyingine. Akasema unasomwa popote penye kompyuta na laini ya simu. Nikamuuliza kama huyo mtu lazima awe na anwani yetu. Akasema hapana, anaweza kutafuta kwa jina la ukoo, na ukurasa ukampata yeye. Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Mwalimu alikuwa kijana wa pale pale mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walikuja na misafara wakaona Dodoma panatosha. Kwao walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na darasa letu lilikuwa juu ya duka hilo. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, lakini akifundisha alifundisha kwa duka. Ndiyo maana nadhani niliweza kuelewa, na nikifundisha leo bado nashuka ngazi za duka lile kichwani mwangu kutafuta mifano.

Lugha ya kompyuta tuliyojifunza ni PHP, ambayo hukaa kwenye kompyuta ya mbali inayotunza kurasa, na kuandaa ukurasa kila mtu anapouomba. Kitu cha kwanza kilichotuchekesha ni alama ya dola. Katika lugha hiyo kila jina unalokipa kitu huanza na dola: jina, umri, mtaa, vyote vinabandikwa dola mbele. Siku zile dola ilikuwa imeingia kila mahali, kwenye mabango ya hoteli, kwenye kodi za nyumba za wakubwa. Karani mmoja wa halmashauri aliyekaa kompyuta ya jirani yangu aliandika jina la mama yake, akalitazama, akasema, "Kumbe hata mama kesha-binafsishwa." Mwalimu alicheka mpaka akakaa.

Kisha akatushusha dukani, pekupeku vilevile. Akatuonyesha makopo ya rangi yaliyokwisha, ambayo baba yake aliyaosha na kuyatumia kuwekea vitu vidogo vidogo. Kila kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa: bawaba, misumari, skrubu.

Akasema, hili ndilo jina lenye dola. Ni kopo lenye karatasi. Lugha nyingine hukulazimisha useme mwanzoni kopo hili ni la misumari tu, na ukitia bawaba linakataa. PHP haiulizi. Leo unatia misumari, kesho bawaba, keshokutwa barua ya mjomba. Kwa hiyo aina si ya kopo. Aina ni ya kile kilichomo ndani. Na usipojua kilichomo, siku moja utapigilia ukuta kwa bawaba.

Akaendelea na aina zenyewe. Akauliza nani anaweza kumuuzia kilo moja na nusu ya misumari. Tukasema inawezekana. Akauliza nani anaweza kumuuzia kufuli moja na nusu. Tukacheka. Akasema basi mmeshajua aina mbili za namba. Kuna namba nzima, ya vitu visivyokatika, kama kufuli na watoto. Na kuna namba yenye desimali, ya vitu vinavyopimwa, kama misumari na maji. Kisha akachukua karatasi iliyobandikwa kwenye kopo akasema, hii ni aina ya tatu, maneno, herufi zilizopangwa mstari. Hata ukiandika namba kwenye karatasi hii, si namba tena, ni picha ya namba. Aina ya nne ilikuwa swichi ya taa ya ukutani. Akaiwasha, akaizima. Ndiyo au siyo, hakuna katikati.

Mimi nilipenda sarufi shuleni, kwa hiyo kichwani nilivipanga kama ngeli. Huwezi kusema kiti amevunjika wala mtoto kimelia. Kila nomino inajua inavyofuatana na wenzake, na ukikosea, sikio linaumia kabla hujajua kanuni. Nilimwambia mwalimu hivyo. Akafurahi sana, akasema tofauti ni moja tu, kwamba PHP haina sikio. Ukiiambia kiti amevunjika, inakubali, inaendelea na kazi, na kosa unalikuta mbele ya safari.

Sikumwelewa mpaka siku niliyomleta mama.

Kazi ya kumalizia mafunzo ilikuwa kila mtu atengeneze ukurasa wake. Karani alitengeneza wa timu yake ya mpira. Mimi wangu niliuita Tupo Hapa. Nilitaka uwe wa familia yoyote iliyohama ikapotezana na mtu wake: unaandika jina la ukoo, mlikokuwa mnakaa zamani, mnakokaa sasa, sanduku jipya la posta, idadi ya watoto, na hali ya yule anayetafutwa. Chini kuna nafasi ya msomaji kuacha ujumbe. Sisi ndio tungekuwa familia ya kwanza, na sanduku jipya tulikuwa tumeshalifungua, kwa jina la mama.

Mama alikuja Jumamosi akiwa na kitenge chake cha kanisani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mwalimu akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, akamuuliza hali ya wazazi wake, ya duka, ya mkewe. Mwalimu akasema mke bado. Mama akampenda kuanzia hapo.

Nilimpa kiti, nikamwambia yeye anitajie, mimi niandike kila neno kama anavyolisema. Nilitaka iwe sauti yake. Jina la ukoo akataja. Nyumba za shirika, karibu na reli, akataja. Kikuyu, na sanduku la posta, akataja kwa uangalifu, tarakimu moja moja. Nikafika kwenye watoto.

"Watoto watano," akasema.

Nikaandika watoto, nikaacha nafasi, nikaweka 5. Programu yangu ilichukua idadi hiyo na kujumlisha mbili, yaani baba na mama, ili juu ya ukurasa iandike ukubwa wa familia. Nikabonyeza. Tukangoja. Ukurasa ukafunguka taratibu, kutoka juu kushuka chini, na mstari wa kwanza kabisa ulisema: Familia hii ina watu 2.

Mama anajua kusoma. Alisoma. Akasoma tena huku midomo ikicheza.

"Wengine kawatoa nani?" akauliza.

Nilikagua kila mstari, hapakuwa na kosa, mashine haikulalamika. Karani akaegemea kutoka kwenye kiti chake akasema labda kompyuta imehesabu waliokuwepo nyumbani tu. Alitaka kutuchekesha, lakini mama alimtazama, naye akarudi kwenye mpira wake. Kwa sababu ni kweli. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa mbali, mdogo wetu yuko shule ya bweni, kaka hajulikani aliko. Ukinitoa na mimi, ambaye siku moja ningeondoka, walibaki watu wawili, mmoja Hombolo na mmoja Kikuyu.

Mwalimu alivuta kiti. Hakushika kibodi yangu, jambo ambalo namshukuru kwalo hadi leo na ambalo nimejitahidi kuwafanyia wanafunzi wangu. Akaniuliza tu, umeandika nini pale kwenye watoto? Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani.

Akaeleza hivi, na alimweleza mama kuliko mimi. Mashine imepewa maneno, kisha imeambiwa ijumlishe. Maneno hayajumlishiki, lakini hii lugha haipendi kukataa, kwa hiyo inajaribu kuyageuza yawe namba. Inaanza kusoma kushoto. Ikikuta tarakimu kwanza, inaichukua. Ungeandika 5 kisha watoto, ingesema tano, ikaachana na lile neno. Lakini imekuta herufi w. Ikasema hapa hakuna namba, ni sifuri. Haikufika kwenye ile tano. Sifuri ukijumlisha mbili ni mbili.

"Kwa nini mtu aanze na tano?" mama akauliza. "Ukija mlangoni kwangu ukaniambia tano, nitakujibu nini? Si nitakuuliza tano nini?"

"Wenzetu walioitengeneza wanaanza na hesabu, mama. Kwao ni tano watoto."

"Na hao watoto wanakuja baadaye."

"Wanakuja baadaye."

Mama akafikiri. "Basi wao wanahesabu kabla hawajajua wanahesabu nani," akasema, bila kejeli, kama mtu anayejifunza desturi ya kabila jingine.

Mwanafunzi wa lugha hii unayesoma hapa, nakuomba uikumbuke siku hiyo kwa niaba yangu. Sisi tunaanza na kitu, ndipo tunakihesabu. Watoto watano, magunia saba, saa mbili. Hivyo ndivyo tunavyozungumza na hivyo ndivyo mkono wetu unavyotaka kuandika. Si kosa lako, wala huna haja ya kujirekebisha usemi. Unachotakiwa kufanya ni kutenganisha. Namba ipewe kopo lake, peke yake, ikae kama namba. Neno lipewe kopo lake. Ukitaka kuonyesha, unaanza na neno kisha namba, kama mama yako anavyosema. Nilifanya hivyo palepale. Nikabonyeza, na ukurasa ukaandika: Watoto 5. Familia hii ina watu 7. Mama aliugusa mstari ule kwa kidole, kioo kikabaki na alama.

Tukabakiwa na swali la mwisho, hali ya anayetafutwa. Nilikuwa nimelifanya kuwa la aina ya swichi. Yupo au hayupo. Ndiyo au siyo.

Mama akasema, "Usiandike hayupo."

Nikamweleza kwamba hayupo maana yake ni kuwa hatuko naye hapa, si zaidi ya hivyo.

"Najua maana yake. Na aliyefariki husemwaje? Si hayupo?"

Nikamwambia basi niandike yupo. Akasema huo ni uongo, na mtoto wake akisoma atashangaa. Nikamuuliza kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya upole, sasa niandike nini, mama, maana mashine ina majibu mawili tu.

"Andika bado."

Nilimgeukia mwalimu nikitumaini atanisaidia kumwelewesha. Yeye alikuwa anatabasamu. Akasema kuna aina moja hajatufundisha, kwa sababu kila mwaka akiifundisha watu wanachanganyikiwa, wanasema mwalimu unatufundisha kitu ambacho hakipo. Inaitwa null. Akasema hadhani tena kwamba ni ngumu, ila alikuwa akiifundisha kwa jina lisilo lake.

Ni hivi. Sifuri ni jibu: nimehesabu, sikukuta kitu. Siyo ni jibu pia: nimeuliza, nikaambiwa hapana. Maneno matupu, yasiyo na herufi hata moja, nayo ni jibu, kama mtu aliyefungua bahasha akakuta karatasi haijaandikwa. Lakini null ni kopo lililokwisha kubandikwa jina na kuwekwa kwenye rafu, na kitu chake hakijaja. Hujui kama kitakuja. Ila kopo ni lake, na humtilii mwingine.

"Hiyo ndiyo bado," mama akasema.

"Ndiyo hiyo, mama."

Nikaacha nafasi ile bila jibu, null, nikabonyeza nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Ukurasa ukaandika: Hayupo.

Mama alianza kukusanya kitenge chake kama anayetaka kuondoka. Nikasoma programu yangu kwa kidole. Nilikuwa nimeandika, ikiwa hali ni sawa na siyo, andika hayupo. Na sawa nilikuwa nimeiandika kama tulivyofundishwa, kwa alama mbili za usawa zilizofuatana.

Mwalimu akamwomba mama akae kidogo. Akaniambia, na hapa sauti yake ilishuka, kwamba alama mbili ni kama mtu wa kwenye baraza anayekadiria. Anauliza, hivi viwili si karibu vinalingana? Sifuri, siyo, tupu, bado, yeye anaona vyote ni mikono mitupu, anavitia kundi moja. Ukitaka asikadirie, ongeza alama ya tatu. Tatu zinauliza swali jingine: vinalingana, na ni vya aina moja?

Nikaongeza alama moja ya usawa. Kisha nikaandika mstari mwingine chini yake, ikiwa hali ni null kwelikweli, kwa alama tatu, andika neno hili. Nikabonyeza. Mama hakuwa amekaa, alisimama nyuma yangu na mkono wake ulikuwa begani kwangu, nao ulikuwa mzito.

Bado, ukurasa ukasema.

Tulirudi Kikuyu kwa miguu. Njiani tulipita karibu na reli, na kama kawaida yake alitazama upande wa stesheni, lakini safari hii hakupunguza mwendo. Alinieleza kwamba angependa pia tuandike kuwa mlango wa Kikuyu uko upande wa nyuma, kwa sababu kaka angeweza kusimama upande wa mbele mpaka asubuhi. Niliandika.

Ukurasa uliwekwa hewani. Kila Jumamosi nilifungua sanduku la posta, kisha nikaenda kwa mwalimu kutazama kumbukumbu za ukurasa. Programu iliandika mstari mmoja kwa kila aliyeufungua, na mwisho wa mstari pakawa na nafasi ya ujumbe wake. Aliyepita tu bila kubonyeza kitufe cha kutuma, nafasi yake iliandikwa null. Wengi walikuwa hivyo. Baadhi walikuwa wanafunzi wenzangu, na mimi mwenyewe nikijaribu, lakini mimi nilipojaribu siku zote niliandika neno jaribio. Familia nyingine mbili tatu zilijiandikisha. Mmoja wao alimpata shangazi yake Mpanda, na aliniletea zabibu darasani kushukuru. Nilizila nikiwa na furaha kwa ajili yake.

Mwaka ukapita, na zaidi. Jumamosi moja nikiwa nashuka na kidole kwenye ile orodha ndefu ya null, null, null, kidole kikasimama. Palikuwa na mstari ambao mwisho wake hapakuwa na null. Hapakuwa na kitu.

Nilidhani ni kioo. Nikaiuliza programu hiki ni cha aina gani. Ikajibu: maneno, herufi sifuri.

Nilimwita mwalimu. Alitazama kwa muda. Akasema kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika, kwamba nisijenge nyumba juu ya jambo hili. Huenda ni mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Yeyote, popote. Nikamwambia najua. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Lakini si null."

Si null. Kuna mtu alifika mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye nafasi ya ujumbe, akabonyeza tuma, na hakusema neno.

Nilifikiria njia nzima kama nimweleze mama. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza kama nilivyoweza: kwamba kuna waliopita barabarani tu, hao ni null, na kuna mmoja amefika mlangoni, amesimama, hakupiga hodi. Nikamwambia pia aliyoyasema mwalimu, kwamba anaweza kuwa mtu yeyote.

Mama aliendelea kuchambua. Aliondoa jiwe, akaondoa jingine.

"Na ule ukurasa wako ulimjibu nini?" akauliza.

Nilishtuka, kwa sababu nilijua ulichomjibu. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe, kama tunavyofundishwa wote na kama ninavyofundisha mpaka leo, kwamba usikubali ujumbe mtupu. Ulimwandikia kwa rangi nyekundu: Hujaandika kitu, rudi ujaze.

Nilimwambia. Akaweka ungo chini.

"Kabadilishe," akasema.

Jumatatu nilibadilisha.

Ni miaka mingi sasa. Duka lile limekuwa la simu, na mwalimu alioa, akahamia Mwanza. Ukurasa umehama mara kadhaa, kila kompyuta iliyoutunza ilipofungwa, na kila ukihama mimi huuhamisha mwenyewe, kopo kwa kopo. Mashamba aliyoyajua kaka upande wa Mtumba yamekuwa wizara. Mama anaishi nami. Magoti yamechoka, masikio yamepungua. Akiulizwa, jibu lake ni lile lile, nami nikiulizwa najibu kama yeye.

Vijana ninaowafundisha ni hodari kuliko nilivyokuwa. Wanatangaza aina za vitu vyao mwanzoni kabisa, na lugha yenyewe imejifunza kulalamika. Ukiipa watoto 5 ijumlishe, inapiga kelele. Nafurahi. Mara nyingine mmoja wao hufungua ukurasa wangu wa zamani, akaupekua, akaja kuniambia kwa adabu, mwalimu, samahani, pale kwenye ujumbe pana kosa, mtu anaweza kutuma tupu na programu inakubali.

Namwambia ajaribu. Anabonyeza bila kuandika kitu. Hakuna rangi nyekundu. Ukurasa unamwandikia maneno aliyonipa mama siku ile, akiwa na ungo miguuni, na ambayo sijayagusa tangu hapo:

Karibu. Mlango ni wa nyuma. Mama yupo.